Ugasumaku na mvuke wa Olkaria: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Wengi wakisikia sumaku hufikiria chuma. Kwa hiyo wataalamu wa jotoardhi, wanaotafuta mvuke chini ya ardhi, wanapofukia koili zao (nyaya zilizozungushwa za kunasa mabadiliko ya sumaku) Olkaria, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, mpita njia anaweza kudhani kwamba wanasaka madini. Kutafuta mawe yenye usumaku ni kazi nyingine kabisa. Hapa hupimwa jinsi ugasumaku, yaani nguvu ya sumaku iliyoenea mahali, unavyobadilikabadilika, kwa sababu mabadiliko hayo huzusha mikondo ya umeme katika miamba inayopitisha umeme, na mikondo hiyo nayo huzaa ugasumaku wake, unaonaswa juu ya ardhi.

Si kweli pia kwamba chombo hupeleka umeme chini. Kinasikiliza tu: mabadiliko ya haraka hutokana na radi zinazopiga kotekote duniani, na ya polepole hutokana na upepo wa jua, yaani chembe zenye umeme zinazotoka kwenye jua.

Wengine hudhani kwamba kufika kina kirefu kunahitaji mtambo wenye nguvu, ilhali kinachohitajika ni subira. Penye ukinzani (kiasi ambacho mwamba huzuia umeme) wa omu-mita 10, badiliko linalojirudia kila sekunde 10 hupenya kadiri ya kilomita 5, na la sekunde 1,000 hufika kama kilomita 50. Ndiyo maana vyombo huachwa usiku kucha. Koili hulazwa kwa dira na pimamaji, kisha hufukiwa. Ugasumaku wa dunia nchini Kenya ni kama nanotesla 33,000 (nanotesla ni kipimo cha ugasumaku), na mabadiliko yanayotafutwa mara nyingi hayafiki hata nanotesla moja, hivyo koili ikitikiswa kidogo na upepo, au ng'ombe akipita karibu, kelele humeza kila kitu.

Dhana yenye gharama kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba panapopitisha umeme vizuri kuliko kwingine ndipo penye mvuke. Mara nyingi hapo pana kifuniko tu cha udongo wa mfinyanzi aina ya smektaiti. Joto linapozidi nyuzi 200 hivi za Selsiasi, smektaiti huanza kugeuka kuwa kloraiti, isiyopitisha umeme vizuri, na kwa hiyo hifadhi yenyewe ya mvuke huonekana chini ya kifuniko ikiwa na ukinzani mkubwa zaidi. Isitoshe, madini hayo hubaki hata mwamba ukipoa, kwa hiyo picha ya chini ya ardhi inayotokana na vipimo hivi inaweza kuonyesha joto lililokwisha zamani. Ndiyo sababu, kabla ya kuchimba kisima, huchunguzwa pia gesi zinazotoka kwenye matundu ya mvuke.