Eti pesa za ughaibuni huliwa tu?

Utasikia watu wakisema pesa zinazotumwa na ndugu walio ughaibuni huishia tumboni, haziendelezi chochote. Nadhani wanaiona noti ikitoka mfukoni, kisha wanaacha kuifuata. Mama akinunua bati na saruji, fundi anapata kazi. Fundi naye ananunua unga, na muuza unga anaongeza mzigo. Noti ileile imepita mikono kadhaa kabla jua halijazama. Karo nayo ni uwekezaji, ila faida yake huchelewa.

Kweli, pesa ya familia moja haijengi barabara. Meksiko walipata njia: katika mpango wa 3x1, ulioanza kitaifa mwaka 2002, kila peso iliyochangwa na vyama vya wahamiaji iliongezewa tatu, mojamoja kutoka serikali kuu, ya jimbo na ya manispaa. Vijiji vikapata maji na barabara.

Kinachoniudhi mimi ni makato. Umoja wa Mataifa unataka gharama ya kutuma ishuke chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Wastani wa dunia bado unazidi 6.