Spika za Omu 4 na Amplifaya: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Ukitaja spika za omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi spika inavyozuia mkondo wa umeme) mbele ya wapenzi wa muziki, hukosi wa kukwambia utafute amplifaya yenye wati nyingi, basi. Mwingine atakuonya usiziguse kabisa, zitakuunguzia mashine. Wote wawili wameshika nusu tu ya jambo.

"Imeandikwa omu 4, basi ni omu 4." Hiyo ni namba ya makadirio. Ukinzani wa spika hupanda na kushuka kulingana na noti inayopigwa; spika ileile inaweza kufika omu 20 mahali fulani, kisha ikadondoka hadi 3 kwingine. Kiwango cha IEC, shirika la kimataifa la viwango vya umeme, kinataka isishuke chini ya asilimia 80 ya namba iliyotangazwa, yaani 3.2 kwa spika ya omu 4, lakini wapo watengenezaji wasiojali. Spika ya Apogee Scintilla ya miaka ya 1980 iliweza kuungwa kwa omu 1, na amplifaya za kuimudu zilikuwa za kuhesabika. Kwa hiyo tafuta grafu ya ukinzani kabla ya kutoa pesa. Bonde lake likiangukia kwenye besi, jiandae, maana huko ndiko muziki unakokula nguvu nyingi.

"Wati 100 ni wati 100." Hapa ndipo wengi wanapopotea, na hesabu yenyewe si ngumu. Amplifaya ikitoa volti 20 kwenye omu 8, unapita mkondo wa ampea 2.5, nguvu ni wati 50. Volti hizohizo kwenye omu 4 huvuta ampea 5, wati 100. Kwenye omu 2 ni ampea 10, wati 200. Kitasa cha sauti hakijaguswa. Spika ndiyo imezidisha madai. Transfoma na transista zikiwa na ubavu, mkondo utapatikana. Zisipokuwa nao, volti zinaporomoka na sauti inaanza kukwaruza.

Ndiyo maana mimi nikishika karatasi ya vipimo huanza na uwiano wa wati za omu 8 na za omu 4. Wati 80 kwa omu 8 na 150 kwa omu 4: hiyo ina ubavu. Wati 100 kwa omu 8 na 110 kwa omu 4, au kimya kabisa kuhusu omu 4: imeshakujibu. Soma na yale maandishi madogo. Wati zilizopimwa kwa chaneli moja, toni moja ya hezi 1,000 na upotoshaji wa asilimia 10 si za kulinganishwa na zilizopimwa chaneli mbili kwa pamoja, kuanzia hezi 20 hadi 20,000. Matangazo ya kutia chumvi yalizidi hadi Marekani ikatunga kanuni ya upimaji mwaka 1974.

"Wati mara mbili, sauti mara mbili." Hapana. Unaongeza desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Ili sikio lihisi sauti imekuwa maradufu, unahitaji takriban wati mara kumi.

"Desibeli 90, hii ni rahisi kuendesha." Hiyo ni sauti ambayo spika hutoa ikipewa kiasi fulani cha umeme; uliza zimepimwaje. Kipimo cha volti 2.83 ni wati 1 kwenye omu 8, lakini ni wati 2 kwenye omu 4. Kwa spika ya omu 4, toa desibeli 3 ndipo uilinganishe na ya omu 8.

"Omu 4 huua amplifaya." Kwa sauti ya kawaida ya sebuleni, mara nyingi spika haili hata wati chache. Balaa huja ukipandisha sauti kwa muda mrefu, au ukiunga jozi mbili za omu 4 sambamba, amplifaya ikajikuta inaona omu 2. Dalili hazijifichi: kifuniko kinachoma mkono, besi inalegea, mara unasikia "tak" ya relei ya ulinzi (swichi inayojikata yenyewe) na spika zinanyamaza. Zima, iache ipoe. Kuiwasha papo hapo na kuendelea ni kuitafutia fundi.

"Amplifaya ndogo haiwezi kudhuru spika kubwa." Inaweza. Ikilazimishwa kupita uwezo wake, vilele vya mawimbi hukatwa, nguvu ya ziada huenda kwenye sauti za juu, na twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, ndiyo inayoungua kwanza.

"Ongeza rezista ya omu 4 kwa mfululizo na spika, mambo yamekwisha." Amplifaya itapumua, kweli. Ila karibu nusu ya nguvu itaishia kuwa joto la rezista, na kwa kuwa ukinzani wa spika haukai mahali pamoja, noti zenye omu nyingi zitajitokeza na zenye omu chache zitamezwa.