London: yale watu wanayoamini na jinsi mji ulivyo kweli

Kila mtu akisema anaenda London mara ya kwanza anapewa ushauri uleule, na wengine wanaoutoa hawajawahi hata kufika: beba hela nyingi sababu kila mlango unalipiwa, beba mwavuli sababu mvua haikatiki, usipande treni peke yako utapotea, na hizo bustani unazoziona kwenye picha ni za mfalme, wewe utaishia getini. Huu mji naupenda, na inaniuma kweli mtu akimaliza siku zake zote kwenye foleni za vivutio vitatu vya bei kali alafu anaondoka bila kuona vile vilivyo wazi kwa kila mtu. Kwa hiyo nazipitia hizo dhana moja moja, nyingine kwa kirefu nyingine kwa kifupi.

"Bila hela nyingi hutaona kitu." Hii ndo inaharibu safari za watu wengi. Makumbusho makubwa ya taifa hayana kiingilio: British Museum, Natural History Museum, Science Museum, Victoria and Albert, National Gallery, Tate Modern, kote huko unaingia bure kuona mkusanyiko wao wa kudumu, na sio bure ya siku moja kwa mwezi, ni kila siku wanapokuwa wamefungua. Yale ya taifa yaliyokuwa bado yanatoza kiingilio yaliacha Desemba 2001. Unacholipia ni yale maonyesho maalumu ya muda, na baadhi ya makumbusho wanashauri ubuki muda wako mtandaoni hata kama hulipi, fanya hivyo hasa kipindi cha likizo za shule maana foleni ya Natural History Museum inaweza kukumalizia asubuhi nzima.

Kinacholipiwa kweli, na sio kidogo, ni Tower of London, Westminster Abbey, St Paul's na lile gurudumu la London Eye. Lakini hata hapo kuna njia. Westminster Abbey na St Paul's ni makanisa yanayosali mpaka leo, ukienda kwenye ibada ya jioni yenye kwaya hulipi chochote, ila nenda kama mtu anayekwenda kusali, ukae utulie, sio kuzunguka na kamera. Bungeni vilevile, kikao cha kawaida kikiendelea raia na mgeni wote wanaruhusiwa kukaa juu kwenye roshani ya wageni kusikiliza mjadala bure, ukishapita ukaguzi. Na kama unachotaka ni kuuona mji kutoka juu, Sky Garden pale 20 Fenchurch Street ni bure ukibuki mapema, au panda tu kilima cha Primrose Hill au Parliament Hill, hivyo hata kubuki havihitaji.

Sasa bustani, hapa nitakaa kidogo.

Watu wakisikia "Royal Parks" wanadhani ni ua wa ikulu. Ziko nane, Hyde Park, Kensington Gardens, St James's, Green Park, Regent's, Greenwich, Richmond na Bushy, jumla yake ni kama ekari 5,000, na hakuna hata moja yenye kiingilio. Ni kweli zilianza kama mali ya wafalme. Hyde Park Henry VIII aliichukua kwa watawa wa Westminster 1536 akaifanya sehemu ya kuwinda, alafu Charles I akaifungulia umma 1637. Mwaka huohuo sasa, mfalme huyohuyo aliyefungua Hyde Park akazungushia ukuta Richmond Park ili awinde kulungu, wakati ndani yake kulikuwa na mashamba ya watu na njia walizozipita miaka yote, na watu walilalamika sana, ikabidi waachiwe haki ya kupita kwa miguu.

Miaka zaidi ya 100 baadaye Princess Amelia, binti wa George II, akakabidhiwa uangalizi wa Richmond akaifunga, ukawa huingii bila kibali chake. Mtengenezaji bia mmoja wa pale Richmond anaitwa John Lewis akaamua kwenda getini kwa makusudi, mlinzi Martha Gray akamkatalia asipite, Lewis akampeleka mahakamani mlinzi huyo, na mwaka 1758 akashinda. Mahakama ikatambua kwamba watu wana haki ya kupita kwa miguu na ikabidi njia zifunguliwe. Ndo maana nasema ukiingia Richmond Park leo hujafadhiliwa na mtu, kuna mwananchi alisimama mbele ya hakimu kwa ajili ya hilo geti. Mimi naona hii habari ilipaswa kujulikana kuliko habari za taji na almasi.

Na Richmond ndo bustani ambayo wageni wengi hawafiki sababu iko mbali kidogo na katikati, ila kulungu bado wapo, zaidi ya 600, wanazurura wazi. Kaa mita 50 kutoka kwao, hasa vuli madume yakipigana na mwanzo wa kiangazi majike yakiwa na watoto, na usiwape chakula hata wakikusogelea. Ukipanda King Henry's Mound kuna uwazi kwenye uzio wa miti, ukichungulia pale unaliona kuba la St Paul's kilomita kama 16 kutoka hapo, na mstari huo wa kuona unalindwa kwenye mipango ya ujenzi mpaka leo.

Mambo madogomadogo ya bustani: wale ndege mwari wa St James's sio wa juzi, wa kwanza waliletwa kama zawadi na balozi wa Urusi mwaka 1664. Viti vya kitambaa vilivyopangwa kwenye nyasi hivyo vinalipiwa, mabenchi na nyasi hapana. Na usidhani zote ziko wazi usiku, Hyde Park inafungwa saa sita usiku lakini Kensington Gardens wanafunga giza likiingia, na kwa kuwa zimeungana watu wanajikuta geti limefungwa upande mmoja.

Usafiri. Dhana ya kwanza ni kwamba Underground, yani treni za mjini London, yote iko chini ya ardhi. Mtandao una laini 11, steisheni 272 na urefu wa kama kilomita 402, ila sehemu iliyo kwenye mahandaki ni asilimia 45 tu, yani zaidi ya nusu ya njia zake ni juani (au mvuani). Ilianza Januari 1863 kati ya Paddington na Farringdon, tena kwa treni za mvuke, hebu fikiria moshi wa makaa ndani ya handaki.

Ya pili inawagharimu watu muda: kuamini ile ramani ya rangi kwamba inaonyesha umbali. Haionyeshi! Harry Beck alipoichora, ikatolewa 1933, aliamua kunyoosha laini na kupanga steisheni kwa nafasi zinazolingana ili isomeke kirahisi, alikuwa mchoraji wa michoro ya umeme na alijua msafiri anataka kujua abadilishe wapi, sio kona za mto. Matokeo yake mtu anashuka ngazi, anasubiri treni, anatoka Leicester Square mpaka Covent Garden ambako ni kama mita 260, mwenzake aliyetembea ameshafika anakunywa kahawa. Katikati ya London kunatembeka. Kutoka Trafalgar Square mpaka Bungeni ni dakika kumi na kitu, na njiani unapita Horse Guards na mtaa wa Downing.

Alafu hili la tiketi. Bado kuna watu wanashauri ufike na chenji ya kupandia basi. Mabasi ya London hayapokei hela taslimu tangu Julai 2014. Unagusisha kadi yako ya benki isiyohitaji kuchomekwa, au simu, au Oyster, kadi ya usafiri ya London unayoijaza hela, basi. Oyster sio lazima kama kadi yako ya benki inakubali, ila angalia benki yako inakata kiasi gani kwa malipo ya nje ya nchi, kwa wengine Oyster ndo inakuwa nafuu japo hela ya kununulia kadi yenyewe hairudishwi. Mfumo unajumlisha safari zako na ukifika kikomo cha siku haukukati zaidi, kwa sharti moja ambalo watu wanalikosa: tumia kitu kilekile siku nzima, sababu kadi na simu hata zikiwa za akaunti moja zinahesabiwa kama watu wawili. Kwenye treni unagusisha kuingia na kutoka, usipogusisha kutoka unakatwa nauli ya juu kabisa, kwenye basi ni kuingia tu. Na kwenye basi ukishalipa mara moja unaweza kubadilisha mabasi mengine ndani ya saa moja bila kulipa tena, nauli yenyewe ilipangwa pauni 1.75 Machi 2023. Watoto chini ya miaka 11 hawalipi kwenye basi, na kwenye Underground mtu mzima anayelipa anaweza kuwa nao mpaka wanne bure. Familia nyingi zinanunua matiketi ya watalii kwenye vifurushi bila kujua hili, inasikitisha.

Kwangu mimi basi la ghorofa, kiti cha mbele juu, linashinda ziara yoyote ya kulipia. Kwa boti nako, zile za kasi za Thames zina nauli yake pembeni, ila feri ya Woolwich inavusha watu na magari bure tangu 1889.

"Mvua haiachi." London inapata mvua kama milimita 600 kwa mwaka. Roma, ambako kila mtu anapafikiria jua, inapata zaidi ya hapo, na New York inapata karibu mara mbili. Kinachowachanganya watu ni kwamba mvua ya London ni nyepesi na imetawanyika mwaka mzima, manyunyu ya nusu saa alafu inaacha, kwa hiyo koti jepesi lenye kofia linatosha kuliko kufuta ratiba. Na ule ukungu mzito wa kwenye filamu za zamani haukuwa hali ya hewa tu, ulikuwa moshi wa makaa ya mawe majumbani na viwandani. Desemba 1952 ulitanda siku tano na kuua watu kwa maelfu, ikatungwa sheria ya hewa safi 1956. Ukienda leo kutafuta ule ukungu hutaupata, na ni jambo la kushukuru.

Mto Thames nao unasingiziwa uchafu kwa sababu ya rangi. Ile rangi ya udongo ni matope yanayokorogwa na maji kujaa na kupwa, pale London Bridge tofauti inafika kama mita 7. Mwaka 1957 wataalamu wa Natural History Museum walitangaza kwamba mto umekufa kibiolojia, ilikuwa kweli kwa wakati ule. Saivi una samaki na sili wanaonekana.

Daraja lenye minara miwili sio London Bridge, ni Tower Bridge, na sio la enzi za kati japo linafanana hivyo, lilifunguliwa 1894 na ndani ya yale mawe kuna chuma. London Bridge lenyewe ni la zege la 1973, lililotangulia liliuzwa 1968 kwa tajiri Robert McCulloch, likabomolewa jiwe kwa jiwe likaenda kujengwa Arizona.

Tower of London watu wanaijua kama machinjio. Wengi waliohukumiwa kifo waliuawa nje, kwenye kilima cha Tower Hill mbele ya umati. Waliokatwa vichwa ndani kwenye uwanja wake enzi hizo ni wachache, kama Anne Boleyn 1536. Sehemu kubwa ya maisha yake ilikuwa ngome, ikulu, ghala la silaha, kiwanda cha sarafu na hata zizi la wanyama wa mfalme mpaka 1835. Na ile habari kwamba moto mkubwa wa 1666 ndo ulimaliza tauni haisimami, tauni ilikuwa imeshapungua sana kabla, na moto uliteketeza zaidi ndani ya kuta za City, ule mji mkongwe wa katikati, wakati vitongoji vya nje vilivyoumizwa sana na tauni havikuguswa.

Mfalme? Charles III makazi yake ya London ni Clarence House, Buckingham ni ya kazi na hafla, na vyumba vyake rasmi vilianza kufunguliwa kwa umma wakati wa kiangazi 1993, kwa kulipia. Kubadilishana zamu kwa walinzi ni bure lakini sio kila siku, angalia ratiba kwanza.

Mwisho Greenwich, maana wengi wanalipia kiingilio cha Royal Observatory, kituo cha zamani cha kuangalia nyota, ili tu wapige picha wamesimama kwenye mstari wa longitudo sifuri. Kituo kina mengi ya kuona na kama unapenda nyota na saa za mabaharia lipia bila wasiwasi. Kama ni mstari tu, umewekwa alama pia ukutani kwenye njia ya watembea kwa miguu pembeni, bure. Na ukifungua simu pale utaona haisomi sifuri, sababu mstari unaotumiwa na setilaiti uko kama mita 102 mashariki, katikati ya nyasi za bustani. Ukimaliza shuka mpaka mtoni karibu na meli ya Cutty Sark, kuna jengo dogo la duara lenye kuba, hilo ni lango la handaki la waenda kwa miguu la 1902, unapita chini ya Thames bila kulipa unatokea Island Gardens, na steisheni ya DLR, reli nyepesi ya mashariki mwa London, iko hapohapo. Treni zake zinajiendesha, kwa hiyo kiti cha mbele kabisa ni cha abiria, kiwahi.