Barua ya uhamisho kwanza, funguo baadaye

Wanajeshi wanaonipigia simu kuhusu nyumba ya kwanza hapa Marekani huanza na swali lilelile: "Kaka, ni kweli sitoi hata senti ya kianzio?" Ni kweli, kwa mkopo wa wanajeshi unaodhaminiwa na serikali. Swali langu kwao ni jingine, na wengi hulikunjia uso: barua ya uhamisho ikija mwaka wa pili, nyumba hiyo utaifanyaje?

Ninashughulikia mikopo ya nyumba, na wateja wangu wengi ni watu wa kambini. Kupata mkopo ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote. Shida huanza siku ya kuhama.

Fikiria mpangaji kwanza. Akipewa amri ya uhamisho, sheria ya 2003 ya kuwalinda wanajeshi, ile inayoitwa SCRA, inamruhusu kuvunja mkataba wa pango. Anampa mwenye nyumba notisi ya maandishi na nakala ya amri, na kama hulipa kwa mwezi, mkataba unakoma siku 30 baada ya tarehe ya malipo inayofuata. Faini hakuna. Aliyenunua hana mlango kama huo. Rejesho la benki, bima na kodi ya jengo vinamfuata hadi Korea Kusini. Kuna wanaoniambia, "Lakini si SCRA inashusha riba hadi asilimia 6?" Inashusha, ila kwa madeni uliyokuwa nayo kabla ya kuingia kazini. Mkopo uliouchukua ukiwa tayari umevaa magwanda haumo.

Sasa huo mkopo wenyewe. VA, idara inayohudumia waliotumikia jeshi, kwa kawaida haikukopeshi. Anayetoa fedha ni benki. VA inaidhamini benki, kwa kawaida kwa robo ya mkopo. Mpango huu ulianza na sheria aliyoitia saini Rais Roosevelt Juni 1944, vita vikiwa bado vinapiganwa. Kwa sababu ya dhamana hiyo benki haidai kianzio, wala ile bima ya mkopo ya kila mwezi wanayotozwa raia wenye kianzio kidogo. Aliye kazini huhitaji siku 90 mfululizo za utumishi, kisha tunamwombea cheti cha ustahiki mtandaoni. Hapo sina la kuongeza.

La kuongeza liko kwenye ada ya VA, ambayo watu huisaini bila kuisoma. Ukitumia haki yako ya dhamana ya VA mara ya kwanza bila kianzio, ada ni asilimia 2.15 ya mkopo. Nyumba ya $300,000 ina ada ya $6,450, na karibu kila mtu huiongeza juu ya mkopo ili asitoe fedha mfukoni. Yaani siku unayopewa funguo unadaiwa $306,450 kwa nyumba ya $300,000. Tuseme riba ni asilimia 6.5 kwa miaka 30: rejesho ni kama $1,937 kwa mwezi, bila kodi na bima. Baada ya miezi 24 umeshalipa zaidi ya $46,000, na deni limeshuka hadi kama $299,400. Miaka miwili yote umerudi karibu pale bei ilipoanzia. Kama bei za mtaa hazijapanda, ukiuza utamlipa dalali na gharama za hati kutoka kwenye akiba yako. Kijana mmoja niliyempigia hesabu hii kwenye karatasi aliitazama muda mrefu, akaikunja, akaitia mfukoni. Hakununua, alikodi nyumba.

Ukiweza kutoa kianzio cha asilimia 5, ada hushuka hadi 1.5, kwa asilimia 10 ni 1.25. Ukirudi mara ya pili bila kianzio ni 3.3. Anayelipwa fidia ya ulemavu uliotokana na utumishi hatozwi kabisa, wala aliye kazini mwenye nishani ya Purple Heart, ile ya waliojeruhiwa vitani. Nimeona watu waliostahili msamaha wakilipa kwa kutouliza tu.

Mteja akileta karatasi yake ya mshahara, ile LES, macho yangu huenda sehemu mbili kabla ya mshahara wenyewe. Ya kwanza ni tarehe ya kumaliza mkataba wa utumishi. Ikiwa imebaki chini ya miezi 12, benki itadai uthibitisho kwamba unaongeza mkataba au una kazi ya uraiani inayokungoja. Ya pili ni mstari wa posho ya makazi, BAH. Posho hii haikatwi kodi, na benki huihesabu kama kipato, ndiyo maana mkopo unaoidhinishiwa huweza kukushangaza kwa ukubwa. Lakini hupangwa kwa cheo, kituo, na kama una wategemezi, na msingi wake ni gharama za kupanga eneo lile. Anayeipanga hakufikiria paa wala tangi la maji moto la kwako. Tena ndoa ikivunjika nawe ukabaki huna mtegemezi, inashuka, huku rejesho likibaki lilelile. Mimi huwashauri rejesho, kodi ya jengo na bima vyote vikae ndani ya posho na chenji ibaki. Madalali hawanipendi kwa hilo.

Basi barua imekuja. Unaweza kuipangisha nyumba: VA inataka uhamie nyumba, kwa kawaida ndani ya siku 60, na mwenzi wako anaweza kukaa kwa niaba yako, ukihamishwa baadaye hailazimishi uuze. Ila sehemu ya haki yako inabaki imefungwa kwenye nyumba ile, na unakoenda utanunua kwa kilichobaki. Na kama utakuja kuiuza miaka ya mbele, jua hili: aliyekaa miaka 2 kati ya 5 kabla ya kuuza anaweza kusamehewa kodi ya faida hadi $250,000, au $500,000 kwa wanandoa wanaowasilisha hesabu za kodi pamoja. Kwa mwanajeshi aliyepelekwa kituo kilicho maili 50 au zaidi kutoka nyumba hiyo, ile miaka 5 inaweza kusimamishwa hadi miaka 10. Wahasibu wa mtaani wengi hawalijui.

Njia nyingine ni kumwachia mnunuzi mkopo wako na riba yake, na si lazima awe mwanajeshi. Riba yako ikiwa ndogo kuliko ya soko, nyumba inagombaniwa. Hatari yake ni mbili. Asiye na haki ya VA akiuchukua, haki yako inabaki imekwama mpaka yeye amalize kulipa. Na usipopata barua ya kukuondolea dhima, akikwama yeye utatafutwa wewe.

Jambo la mwisho, kwa wanandoa wanaonunua mmoja akiwa ughaibuni. Hati ya uwakilishi ya jumla haitoshi. Mwanajeshi lazima awe ameridhia kwa maandishi nyumba ipi, bei gani na masharti ya mkopo. Na siku ya kusaini hati za mwisho, benki inapaswa kuthibitisha kwamba yu hai na hajatoweka vitani. Nilikaa na dada mmoja mezani Ijumaa jioni, kalamu mkononi, watoto wakicheza na viti vya magurudumu vya ofisi, tukisubiri mstari mmoja wa barua pepe kutoka kikosini. Kwa mumewe ilikuwa usiku wa manane. Mstari ulipoingia alimpa binti yake simu ausome kwa sauti, kisha akaanza kusaini. Tangu siku ile, anwani ya afisa wa zamu wa kikosi naiomba wiki mbili kabla, na ya msaidizi wake pia.