Mochi iliyokakamaa haijakauka

Swali kuhusu mochi, tonge la mchele wa kunata uliopikwa na kutwangwa, limerudi tena: "Mochi yangu imekauka, niifunge vipi?" Haijakauka. Ipime. Chukua tonge la gramu 50, lifunge vizuri kwa plastiki, kesho asubuhi lirudishe kwenye mizani. Utakuta uzito uleule, na tonge gumu kama kisigino. Maji yote bado yamo. Kilichobadilika ni wanga.

Mchele wa kunata wa Taiwan, uwe wa punje ndefu au za mviringo, wanga wake karibu wote ni amilopektini, aina ya wanga yenye matawi mengi. Gluteni, ile protini ya ngano, haimo kabisa, hilo tulimalize hapo. Mchele ukiiva, matawi ya amilopektini yanafumuka na kushika maji, ndipo mochi inavutika. Ikipoa, matawi yanaanza kushikana yenyewe kwa yenyewe. Kiporo cha wali kinakakamaa kwa njia hiyohiyo. Na mwendo huo ni wa kasi zaidi karibu na nyuzi 4 za Selsiasi, yaani ndani ya friji! Mtu anataka mochi ibaki laini, halafu anaipeleka palepale inapokakamaa upesi. Ifunike, iache mezani, iliwe siku hiyohiyo. Ukilazimika kuiweka, igandishe kwenye friza ikiwa bado laini, vipande vyembamba, na siku ya kula uipashe kwa mvuke dakika 8 hadi 10. Matawi yatafumuka tena.

Mochi za dukani hukaa laini wiki nzima kwa sababu zimetiwa sukari nyingi au sharubati ya maltosi. Sizikatai, ila ulaini huo usihesabiwe kuwa sifa ya mchele. Mochi ya Wahakka, jamii ya Wachina iliyopo pia Taiwan, huitwa ciba, nayo haitiwi sukari ndani. Huliwa ingali vuguvugu, ikiviringishwa kwenye unga wa karanga na sukari. Toron, mochi ya Waamis, wenyeji wa asili wa pwani ya mashariki ya Taiwan, nayo ni mchele wa kunata au mtama mdogo, umepikwa kwa mvuke na kutwangwa kwenye kinu, basi.

Kuhusu kuloweka, vitabu vinaandika saa 6. Mimi saa siziamini. Mchele wa mavuno mapya hunywa maji haraka, wa mwaka jana hukawia, na maji yakiwa baridi hukawia zaidi. Bonyeza punje kwa kucha: ikisagika hadi katikati, tayari, ukihisi kiini kigumu, ngoja. Chuja nusu saa, tandaza juu ya kitambaa, pika kwa mvuke kama dakika 40 kwa kilo moja, ukinyunyiza maji mara moja katikati. Kiini kibichi hakitwangiki, utakikuta mdomoni kama mchanga. Twanga mchele ukiwa bado unafuka mvuke. Lowesha mchi, usiloweshe mochi, maana kila tone la ziada linabaki humo, na mwisho tonge linakaa kama uji, halishiki umbo.

Punje ndefu au za mviringo? Hapa sina neno la mwisho. Za mviringo hutoa mochi laini, ndizo ninazoshauri kwa anayeanza. Ndefu hutoa yenye kutafunika zaidi, na wapo wanaoipenda hivyo.

Karanga zikaange, zimenye, ziponde kwa muda mfupi mfupi. Ukizidisha zinatoa mafuta na unga unakuwa siagi. Sukari nusu ya uzito wa karanga, ichanganywe wakati wa kuandaa, si mapema.

Kabla ya hayo yote, hakikisha mchele wenyewe. Wa kunata ukiwa mkavu ni mweupe kama chaki, wa kawaida unapitisha mwanga. Ukiwa na shaka, vunja punje kumi na udondoshee kila moja iodini iliyozimuliwa kwa maji. Wa kunata hugeuka kahawia yenye wekundu, wa kawaida hugeuka bluu ya kuelekea weusi. Ukiona bluu kwenye punje mbili tatu, mfuko umechanganywa, upike wali.