Dodoma si kitovu kamili cha Tanzania

Kila baada ya muda ujumbe ule hurudi kwenye magrupu ya simu hapa Dar: Dodoma ilichaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973 kwa sababu wapimaji waligundua ndipo kitovu kamili cha nchi, tena kuna nukta moja tu.

Ukweli ni kwamba Dodoma ipo eneo la kati, na hilo lilikuwa sababu mojawapo ya kuchaguliwa. "Kamili" ndiyo chumvi iliyoongezwa.

Chukua atlasi ya shule uhakikishe. Nchi yetu inaanzia karibu nyuzi 1 kusini mwa ikweta hadi 11.7, na kutoka 29.3 mashariki hadi 40.4. Gawa kati kwa kati: 6.35 kusini, 34.85 mashariki. Mji wa Dodoma upo 6.2 na 35.75. Kwa hiyo nukta hiyo inaangukia kama kilomita 100 magharibi yake, upande wa Manyoni.

Na hiyo ni njia moja tu. Wengine hukata ramani ya kadibodi na kutafuta inaposimama sawa juu ya ncha ya penseli. Ukiingiza Pemba, Unguja na Mafia, au ukiacha maji ya Ziwa Victoria na Tanganyika, nukta inasogea. Hakuna aliyekosea hapo. Kila mmoja amepima kitu tofauti.

Wanaochanganyikiwa nawaelewa, maana kwenye ramani ya ukutani Dodoma inaonekana katikati kabisa. Ujumbe ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze. Mwulize aliyeutuma: kitovu hicho kimepimwa kwa njia gani?