Kuongeza Mbps hakutafanya runinga ishike simu yako

Juzi mteja mmoja wa mtaa wa Migosi hapa Kisumu alinipigia akiwa amechoka na amekasirika. Simu yake ni iPhone, runinga ni mpya, na kila akitaka kurusha picha za simu kwenye runinga, jina la runinga halioni kwenye simu. Kabla ya kunitafuta alikuwa ameshapandisha kifurushi cha intaneti ya nyumbani, na sasa kila mwezi analipa karibu mara mbili. "Fundi, nimeongeza spidi na bado haishiki. Nipande tena?"

Hapana, kaka, usipande. Na wewe unayesoma hapa Kisumu, Kakamega, Busia, popote ulipo, nakuomba usipande. Nimesikia jambo hili kwa wateja wengi mno na linaniuma, kwa sababu ni pesa ya watu inayopotea kila mwezi kwa shida ambayo kifurushi hakiigusi kabisa.

Ukirusha skrini ya simu kwenye runinga, picha haitoki nje ya nyumba yako. Simu inaipiga picha skrini yake mfululizo, inaibana iwe video ndogo, inaipeleka hewani hadi kwenye runinga, na runinga inaifungua. Safari nzima ni kutoka kochi hadi ukutani. Kampuni inayokuuzia intaneti haihusiki. Mbps ulizolipia hupima kasi kati ya ruta na ulimwengu wa nje, na hazisemi lolote kuhusu kasi kati ya simu na runinga mlizo nazo sebuleni.

Huamini? Chomoa ile kebo ya intaneti inayoingia nyuma ya ruta na uiache ruta ikiwaka. Kama ni ile nyembamba yenye kichwa cha kijani, ichomoe taratibu, usiikunje wala usiiguse ncha yake. Taa ya intaneti itazima au itageuka nyekundu, lakini ya Wi-Fi itabaki. Simu inaweza kukuuliza kama uendelee na Wi-Fi isiyo na intaneti. Kubali, la sivyo itahamia kwenye data yako na kuiacha runinga peke yake. Sasa fungua galari, chagua picha za harusi ya dada yako, urushe. Kama simu na runinga zinaelewana kwa AirPlay, ile njia ya Apple ya kurusha picha, picha itafika, na hakuna hata kilobaiti moja ya bando itakayotumika.

Imani hii ina chanzo, na chanzo chenyewe ni YouTube. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wanapopotelea.

Ukiwa ndani ya programu ya YouTube na ukabonyeza kile kialama cha kurusha, simu haitumi video. Inaiambia runinga: cheza video fulani, anzia dakika fulani. Runinga yenyewe inaingia intaneti na kuichukua. Unaweza kuzima skrini ya simu, hata ukapokea simu ya mama, na video itaendelea. Simu imebaki kuwa rimoti. Na kwa kuwa karibu kila runinga ya kisasa ina YouTube ndani yake, jambo hili hufanya kazi hata kati ya iPhone na runinga isiyojua chochote cha Apple. Hapo kasi ya intaneti inahusika kweli, na ikiwa ndogo video itasimama-simama.

Basi mtu anaona YouTube imeruka vizuri, anajaribu kurusha video ya WhatsApp au picha za galari, inakataa. Anasema: simu na runinga zinashikana, nimeona kwa macho yangu, kwa hivyo kilichobaki ni spidi. Mantiki yake si mbaya. Ila hayo ni mambo mawili tofauti kabisa yanayotumia kialama kinachofanana, na waliochora vialama hivyo hawakumsaidia mtu yeyote.

Kuna na upande wa bando ambao watu hawauoni. Ukitazama kwenye simu, pengine unaridhika na video ya 480p, yaani ya ubora wa chini. Ukiiambia runinga ijichukulie, itataka picha inayoijaa skrini yake. Netflix wenyewe wanasema saa moja ya HD inaweza kula hadi GB 3, na ya 4K hadi GB 7. Kwa hiyo kama runinga inakula hotspoti ya simu, kurusha kwa rimoti kunaweza kukumalizia bando haraka kuliko kurusha skrini yenyewe.

Turudi kwenye skrini. Njia kubwa ni tatu, na nitazipitia haraka. AirPlay ni ya Apple, ilikuja mwaka 2010, na kurusha skrini nzima kukaongezwa 2011. Miracast ni ya Wi-Fi Alliance, muungano wa kampuni zinazosimamia Wi-Fi, 2012. Simu na runinga hushikana moja kwa moja bila ruta. Google Cast ilikuja na Chromecast, kifaa kidogo cha Google cha kuchomeka kwenye runinga, mwaka 2013, na skrini za Android zikaanza kupita humo mwaka uliofuata.

iPhone haijawahi kuwa na Miracast, hata siku moja. Google nao waliiweka Miracast kwenye Android 4.2 mwaka 2012, kisha wakaiondoa kwenye Android 6 mwaka 2015, ndiyo maana simu za Pixel, za Google wenyewe, hazina. Samsung, Xiaomi na wengineo waliibakiza kwenye simu zao; kwa Samsung inaitwa Smart View. Kwa hivyo hata watu wawili wenye Android wanaweza kuketi kochi moja, mmoja ashike na mwingine akatae, na hakuna simu iliyo feki wala mbovu.

Runinga nazo zimegawanyika hivyo hivyo. Januari 2019 Samsung, LG, Sony na Vizio walitangaza kuingiza AirPlay 2, toleo jipya la AirPlay, na tangu hapo wengine wamefuata, lakini si kila modeli. Runinga ya Google TV, yaani inayoendeshwa na mfumo wa Google, ina Cast kwa uhakika, Miracast ni bahati, AirPlay inategemea mtengenezaji. Maandishi "Smart TV" kwenye boksi hayakuambii lolote kati ya haya. Tafuta nembo ya AirPlay au neno Miracast, au ingia kwenye mipangilio ya runinga uone kama AirPlay imo na imewashwa. Mara nyingine imo, imezimwa, na mwenye runinga hajui.

Yule mteja wa Migosi? Runinga yake haikuwa na AirPlay. Angelipia hata Mbps 100, jina lisingetokea.

Suluhisho kwa mtu kama yeye si gumu. Kama runinga ni ya Android au Google TV, kuna programu kama AirScreen ambayo huifanya runinga ijitambulishe kwa iPhone kama kifaa cha AirPlay. Picha na video zako mwenyewe zitapita vizuri. Filamu za kulipia usizitegemee humo. Kama runinga haina duka la programu la maana, nunua kisanduku chenye AirPlay cha kuchomeka kwenye HDMI, lile tundu la picha nyuma ya runinga, au tumia waya. Kwa wenye simu ya Samsung na runinga ya Google TV isiyoonekana kwenye Smart View, jaribu kurusha skrini kupitia programu ya Google Home kabla hujamwita fundi.

Sasa tuseme simu na runinga zina njia moja, na bado jina halitokei. Hapa ndipo ruta inapoingia, na narudia, ruta, si kifurushi. Kwa AirPlay na Cast, simu huitafuta runinga kwa kupiga kelele ndani ya mtandao: nani yupo hapa? Kelele hiyo ikizuiwa, hamtaonana hata mkiwa mmesimama ana kwa ana. Huzuiwa na mtandao wa wageni, huzuiwa na Wi-Fi nyingi za hoteli na hosteli ambazo hutenga kila kifaa kivyake, na VPN iliyoachwa wazi kwenye simu mara nyingi huizuia pia. Wanafunzi wa Maseno mnaonipigia kutoka hosteli, hili ndilo linalowapata, na hakuna kitufe kwenye simu kitakachoiamuru ruta ya mwenye hosteli. Kisha kuna simu kuwa kwenye jina la Wi-Fi la 5G la ruta (ni mawimbi ya GHz 5, si 5G ya laini ya simu) na runinga kwenye jina la kawaida la GHz 2.4. Ruta nyingi huunganisha pande zote mbili bila shida, nyingine hazipitishi kelele hiyo. Weka vyote upande mmoja.

Kwa wenye iPhone, kuna jambo jingine tangu iOS 14, mfumo wa iPhone wa mwaka 2020. Programu ikitaka kutafuta vifaa ndani ya nyumba, simu hukuuliza ruhusa mara moja tu. Wengi hubonyeza kukataa bila kusoma, wakadhani ni tangazo. Baada ya hapo programu hiyo haioni runinga, na haikuambii kwa nini. Nenda kwenye mipangilio, faragha, mtandao wa ndani, uirudishie ruhusa.

Na kuna hili la Miracast linalowashangaza wateja kila ninapolifanya mbele yao. Picha inakwama-kwama, sauti inachelewa, mtu anasema ni spidi. Namwambia aitoe simu kwenye Wi-Fi ya nyumbani, lakini asizime Wi-Fi yenyewe. Mara nyingi picha inatulia papo hapo. Sababu ni kwamba simu nyingi za bei ya kawaida zina redio moja ya Wi-Fi. Ikiwa imeshikana na ruta kwenye chaneli moja na runinga kwenye nyingine, lazima irukeruke kati ya hizo mbili bila kupumzika. Yaani umeiondoa intaneti na kurusha kumekuwa bora zaidi. Aliyekuuzia kifurushi hatakueleza hilo.

Lakini siwezi kukuahidi kila kitu. Karatasi zinasema vifaa viwili vyenye cheti cha Miracast vitashikana. Kwa kazi yangu nimekutana na jozi zenye cheti pande zote ambazo hushikana Jumatatu na kukataa Jumanne, bila mtu kugusa chochote. Huwa nazima zote mbili kwenye umeme, nafuta majina ya zamani, nasasisha programu ya runinga, na mara nyingi hurudi. Mara nyingine hairudi, na namwambia mteja ukweli huo badala ya kumbadilishia ruta isiyo na kosa.

Skrini nyeusi na sauti inasikika: hiyo si hitilafu. Netflix na wenzake huzuia picha yao isinaswe, na programu nyingi za benki hufanya hivyo pia kwa usalama wako. Yeyote anayetaka pesa ili "akufungulie", muage kwa adabu.

Kuna kazi moja ninayoipenda ambayo inaonyesha jambo hili vizuri kuliko maelezo yoyote. Kule Siaya na Vihiga, siku ya mazishi, familia hutaka picha za marehemu zionekane chini ya hema watu wakiwa wanaketi. Kuna jenereta, kuna runinga iliyobebwa kutoka sebuleni, hakuna Wi-Fi, na mtandao wa simu unayumba kwa sababu boma limejaa watu. Mwenye Android yenye Miracast, runinga nayo ikiwa na Miracast, anarusha bila kuhitaji kitu kingine. Shangazi aliyefika kutoka Marekani na iPhone iliyojaa picha nzuri za familia anahitaji runinga yenye AirPlay na mtandao wa pamoja, basi. Ruta yoyote ya zamani iliyokuwa imelala kabatini, isiyo na laini wala kifurushi, inatosha: iwashe kwa jenereta, iingize runinga, iingize simu, rusha. Sijui niseme vipi tena kwamba intaneti haimo.

Hata hivyo, kwa mazishi mimi huchomeka waya wa HDMI kila ninapoweza. Ibada hairudiwi kwa sababu fundi anatafuta jina la runinga. iPhone za kabla ya 15 zinataka adapta ya Lightning kwenda HDMI. Kuanzia iPhone 15 ya mwaka 2023 tundu ni USB-C na picha hupita humo. Wenye Android wawe waangalifu, kwani tundu la USB-C kwenye simu nyingi za bei nafuu huchaji na kuhamisha faili tu, halitoi picha. Adapta itaingia vizuri kabisa na runinga itabaki nyeusi, na duka halitakurudishia pesa.

Ukienda kununua runinga pale Oginga Odinga Street, nenda na simu ile ile utakayoitumia nyumbani. Muuzaji atakuonyesha kwa simu yake, nayo itaruka vizuri. Usiridhike na hiyo. Mwombe awashe hotspoti kwenye simu yake, runinga na simu yako ziingie humo, kisha rusha picha moja ya galari na video fupi uliyoichukua mwenyewe. Usijaribu kwa YouTube. Jina lisipotokea, ama uulize modeli nyingine, ama bei ya kisanduku cha HDMI iingie kwenye mapatano kabla hujatoa pesa mfukoni.